Tani 3, sifuri, au tani 935

Lori la ekseli saba limesimama kwenye mteremko mahali fulani kati ya Mbalizi na Vwawa, kichwa kikielekea chini. Limepakiwa hadi kikomo cha sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019: tani 56, lori na mzigo wake. Tuseme barabara hapo inashuka mita 6 kwa kila mita 100. Je, katika tani hizo 56, ni ngapi zinazolivuta lori kufuata mteremko?

Mwanafunzi aliyesoma vizuri atajibu tani 3.35. Wa pili akijibu sifuri, darasa litacheka. Wa tatu akijibu tani 935, mwalimu atamwambia arudie hesabu. Lakini wote watatu wamepata. Kila jibu linaweza kukaguliwa kwa rula na penseli kwenye karatasi ya miraba, na rula haitampendelea yeyote. Tofauti yao haitokani na lori wala barabara. Inatokana na upande wa pili, ambao kila mmoja wao aliuchagua kimoyomoyo bila kuutaja.

Kani ina ukubwa na ina uelekeo. Kuigawa ni kutafuta kani mbili ambazo zikitenda pamoja zitafanya kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na ile moja. Jozi za namna hiyo hazihesabiki. Ila ukishataja pande mbili zisizo sambamba, jozi inabaki moja tu: unachora msambamba ambao mbavu zake zimelala kwenye pande hizo, na kani yako ndiyo mstari unaoukata kutoka pembe hadi pembe. Urefu wa mbavu ndio jibu. Ukitaja upande mmoja na kunyamaza, hujauliza swali kamili.

Mwanafunzi wa kwanza alichukua upande wa mteremko pamoja na upande unaosimama juu yake kwa nyuzi 90. Wa pili alichukua mteremko na wima. Kwa kuwa uzito tayari uko wima, wote ulikwenda upande huo na mteremko ukabaki mikono mitupu. Wa tatu alichukua mteremko na mlalo. Mlalo hauwezi kubeba hata gramu moja ya kwenda chini, kwa hiyo tani zote 56 za kwenda chini ziliangukia upande wa mteremko, ambao wenyewe unashuka kidogo mno. Ili ushukaji huo mdogo ufikie tani 56, kani ya kufuata mteremko inabidi iwe tani 935, kisha tani 933 za mlalo zielekezwe nyuma, mlimani, kufuta ziada. (Nitapima kani kwa tani na kilo, kama inavyofanya mizani ya malori ya Mpemba, na newtoni nitaziita pale tu zitakapohitajika.)

Jibu la tani 935 ni sahihi, na halimsaidii mtu yeyote barabarani. Kwa nini? Kwa sababu hakuna kitu chochote chini ya lori kinachosukuma kwa mlalo mtupu. Hesabu ya msambamba inakubali pande zozote utakazoipa, lakini pande zenye maana hupangwa na kile kinachobeba mzigo au kuuzuia: uso wa barabara, kamba, mnyororo, boriti. Vitabu vingi vya shule huliruka jambo hili. Humpa mwanafunzi pande mbili zilizokwisha kuchaguliwa, tena karibu kila mara za nyuzi 90, na akimaliza mtihani anaondoka akiamini kwamba kani huzaliwa na vipande vyake tayari ndani.

Kihistoria, mteremko ulitangulia kuliko msambamba. Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, katika kitabu chake cha 1586 alifikiria mkufu wa gololi zenye uzito sawa uliozungushiwa kabari ya pembetatu, upande mmoja mrefu na wa kulala, wa pili mfupi na wa kusimama. Gololi nyingi zinalala upande mrefu, chache upande mfupi. Kama upande mmoja ungeushinda mwingine, mkufu ungezunguka daima bila kusukumwa na mtu, na hilo Stevin alilikataa. Basi pande mbili zinalingana, na kwa hiyo kila gololi ya upande mrefu inavuta kidogo kwa kiasi kilekile ambacho upande huo umezidi kwa urefu. Hakuna saini wala kosaini katika hoja hiyo. Karne moja baadaye, mwaka 1687, Newton aliweka kanuni ya msambamba kuwa tokeo la sheria zake za mwendo, na mwaka huohuo Pierre Varignon wa Ufaransa akachapisha mpango wa mekanika uliosimama juu ya kuunganisha na kugawa kani. Stevin aliusikiliza mteremko wenyewe. Waliomfuata walitoa kanuni ya pande zozote, na pamoja nayo uhuru wa kuchagua vibaya.

Turudi kwa mwanafunzi wa kwanza, maana barabarani ndiye mwenye haki. Uso wa lami unaweza kulifanyia tairi mambo mawili: kulisukuma kwa nyuzi 90 kutoka kwenye uso wenyewe, na kulishika kwa msuguano kufuata uso. Pande hizo mbili hazikuchaguliwa na mwalimu, zimetolewa na barabara. Ukiugawa uzito kwa pande hizohizo, kila kipande kinakutana uso kwa uso na kani inayokipinga, na hesabu mbili zinatengana bila kuingiliana. Kipande cha kukandamiza lami ni tani 55.9. Angalia jinsi kilivyopungua kidogo: kilo 100 tu katika tani 56. Mtu anayedhani mteremko wa namna hii unaipunguzia barabara mzigo anakosea. Barabara inabeba karibu uzito wote, na juu yake inaongezewa zile tani 3.35 zinazotaka kuivuta lami yenyewe kuelekea chini kila dereva anapokanyaga breki. Ndiyo maana lami ya mteremko wenye malori mengi hujikunja mawimbi mapema kuliko ya tambarare.

Tani 3.35 za kulishikilia lori lililosimama si kitu, breki ya mkono yenye afya inatosha. Hatari huanza pale kani hiyo inapopewa mwendo. Kwa newtoni ni kama 33,000. Lori likishuka kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kwa sekunde, kani hiyo inatoa kilowati 548. Toa kinachomezwa na matairi yanayobingirika, kama kilo 7 kwa kila tani ya lori, toa na ukinzani wa hewa, bado zinabaki zaidi ya kilowati 400 zinazotafuta pa kwenda. Injini ya nguvu farasi 400 inatoa takriban kilowati 300 ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Maana yake ni kwamba mteremko wa kawaida kabisa, kwa mwendo ambao abiria wa basi angeuita wa kobe, unalisukuma lori kwa nguvu inayozidi ya injini yake. Dereva asipotumia gia, nguvu hiyo yote inageuka joto kwenye ngoma za breki. Ngoma inapanuka, lainingi inaungua, mguu unakanyaga na lori linaendelea.

Kwa kilomita 20 kwa saa, hesabu ileile inashuka hadi kilowati 160 hivi, kiasi ambacho injini iliyo kwenye gia nzito, ikisaidiwa na breki ya eksosi, inaweza kukimeza kwa sehemu kubwa huku breki za miguu zikipumzika. Kipande cha uzito hakijabadilika hata kilo. Kilichobadilika ni mwendo, na mwendo huchaguliwa kileleni, kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu lori lililokwisha kukimbia haliingii gia nzito kwa kubembelezwa. Anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta anauacha uzito bila mpinzani isipokuwa matairi na hewa: kutoka kusimama hadi kilomita 60 kwa saa, mteremko huu unahitaji sekunde 32 hivi na umbali usiofika mita 300.

Taarifa za ajali za miteremko ya njia hii, iwe Mlima Senjele wa Mbozi au mteremko wa Mbalizi, ambako Julai 2018 lori lilisababisha vifo vya watu wengi, mara nyingi huishia kwenye maneno mawili: breki zilifeli. Maneno hayo yanafunga uchunguzi pale unapopaswa kuanza. Lori lilikuwa na tani ngapi? Mteremko ni mita ngapi kwa mia? Lilianza kushuka kwa gia gani na kwa mwendo gani? Ukiwa na majibu matatu hayo unaweza kusema kwa penseli kama breki zilikuwa mbovu au zilipewa kazi ambayo hata breki mpya zisingeiweza. Wengine watasema ni kumtwisha dereva lawama. Kwa maoni yangu ni kinyume chake, kwa kuwa hesabu hiyohiyo ndiyo inayomuumbua aliyezidisha mzigo na aliyemharakisha dereva afike mpakani kabla ya foleni.

Reli inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita Vwawa na kuvukia Zambia pale Tunduma. Gurudumu la chuma juu ya chuma linabingirika kwa wepesi wa ajabu: kama kilo 2 za kuvuta kwa kila tani, kwenye tambarare. Lakini reli ikipanda mita 2 tu kwa mita 100, uzito unaongeza kilo 20 kwa kila tani, mara kumi ya zile za mwanzo. Treni ya tani 1,000 iliyohitaji kuvutwa kwa tani 2 sasa inataka tani 22. Ndiyo sababu barabara inaukabili mlima uso kwa uso wakati reli inauzunguka, na ndiyo sababu kuivusha TAZARA kutoka bonde la Kilombero hadi Makambako kulidai mahandaki na madaraja kwa wingi vile. Kipande kidogo cha uzito, ambacho kwa lori ni usumbufu wa kupandia, kwa reli ndicho kinachochora ramani.

Sasa mtu akiamua kugawa kwa wima na mlalo, kama wafanyavyo wapimaji wa ardhi, anapata kitendawili kizuri. Uzito hauna kipande cha mlalo kabisa. Lakini lori lililokatika breki halianguki tu, linasonga mbele pia. Nani analisukuma mbele? Ni barabara. Kani ya lami kwenye tairi, kwa kuwa inasimama kwa nyuzi 90 na uso ulioinama, imeinamia mbele kidogo, na hicho kipande chake cha mlalo ndicho kinachopeleka lori mbele. Katika mgawo wa kwanza mkosaji alikuwa uzito na barabara ilikuwa mtazamaji. Katika huu, uzito hauna hatia mbele ya mlalo na barabara ndiyo yenye kusukuma. Lori linasonga vilevile kwa hesabu zote mbili. Anayebishana ni kani ipi hasa inayolipeleka lori mbele anabishana juu ya mistari aliyoichora mwenyewe.

Mizani nayo ina lake. Jukwaa la mizani hujengwa tambarare, na wengi hudhani sababu ni zile kilo 100 zinazopotea. Kwa mizani inayopima kundi moja la ekseli baada ya jingine, hasara kubwa iko kwingine. Lori likisimama kwenye mwinamo, breki zimeshika, zile tani 3.35 zinatenda kwenye kitovu cha uzito, juu ya barabara, wakati matairi yanazipinga chini kabisa. Tofauti hiyo ya kimo inaligeuza lori kidogo na kuhamisha mzigo kwenda ekseli za upande wa chini. Tukilichukulia lori kuwa kitu kimoja kigumu, kitovu kikiwa mita 2 juu na mita 12 zikitenganisha ekseli za mbele na za nyuma, kinachohama ni zaidi ya nusu tani. Jumla imebaki karibu ileile, ila kundi moja la ekseli limezidi na jingine limepungua, na faini hutozwa kwa kundi lililozidi.

Hadi hapa pande zilikuwa za nyuzi 90, na hesabu ya shuleni ilitosha. Ugumu unaanza pale mzigo unaposhikwa na vitu viwili vilivyokaa kwa pembe nyingine yoyote, na hapo ndipo watu wazima wenye vyeti huteleza.

Fikiria lori lililokwama kwenye tope la masika katika njia za udongo za bonde la Momba. Linahitaji kuvutwa mbele kwa tani 2, sawasawa na njia. Yamepatikana matrekta mawili. La kushoto limepata pa kusimama, kamba yake ikiachana na mstari wa njia kwa nyuzi 20. La kulia limezuiwa na mti, kamba yake imeachana kwa nyuzi 40. Upande wa kulia wa lori kuna mtaro. Kila trekta livute kiasi gani?

Aliyezoea kosaini atazidisha tani 2 kwa kosaini ya 20 na kupata 1.88, kisha kwa kosaini ya 40 na kupata 1.53. Anayapungia mikono matrekta, yanavuta hivyo. Lori linapata tani 2.94 za kwenda mbele, karibu nusu zaidi ya zilizotakiwa, na juu yake kilo 340 za kwenda kulia, kule kwenye mtaro. Jibu la msambamba ni tani 1.48 kushoto na tani 0.79 kulia. Ukizijaribu, vipande vyake vya kando vinafutana, kilo 508 kila upande, na vya mbele vinajumlika kuwa tani 2 kamili. Kamba iliyo karibu na mstari wa njia inabeba karibu mara mbili ya mwenzake. Tena jumla ya mivuto miwili ni tani 2.27, si 2, kwa sababu kila trekta linatumia sehemu ya nguvu yake kumzuia mwenziwe asiende kando.

Kosa la mtu wa kosaini linafaa kuelezwa vizuri, maana si la hesabu. Alichokipata ni kivuli cha kani juu ya kila kamba: angusha mstari wa nyuzi 90 kutoka ncha ya kani hadi kwenye upande unaotaka, soma urefu. Kivuli hakijali upande wa pili uko wapi. Kwa upande mmoja kipo kimoja tu, daima. Mgawo ni kitu kingine. Mgawo wa upande mmoja hubadilika ukimhamisha mwenzake, kama zilivyotuonyesha zile namba tatu za mteremko. Vitu hivi viwili vinatoa namba moja pale tu pande zinapokuwa za nyuzi 90, na kwa bahati mbaya hiyo ndiyo hali pekee ambayo shule huizoeza. Mada ya vekta kwa muda mrefu ndiyo iliyofungua Fizikia ya kidato cha tatu nchini, na mwanafunzi hutoka nayo akiwa na kanuni moja mkononi, kosaini kwa upande huu na saini kwa ule, bila kuambiwa kwamba kanuni hiyo ina sharti.

Kivuli nacho kina mahali pake. Ukiuliza trekta la kushoto linachangia kiasi gani katika kulipeleka lori mbele, unauliza kivuli cha mvuto wake juu ya njia: tani 1.48 kwa kosaini ya 20, yaani 1.39. Kazi inayofanywa kwenye mwendo hupimwa kwa kivuli. Mzigo unaobebwa na kila mshirika hupimwa kwa mgawo. Mtu akijua lipi kati ya maswali hayo mawili ameulizwa, hesabu yenyewe ni fupi.

Jambo hili linaonekana hata bila trekta, pale kwenye vivuko vya mpaka wa Tunduma na Nakonde, kwa mikokoteni ya magunia ya lumbesa. Kijana anayesukuma kwa nguvu ya kilo 40, mikono ikielekea chini kwa nyuzi 30, anatoa kilo 35 za kwenda mbele na kilo 20 zinazokandamiza magurudumu kwenye tope. Akigeuka avute kwa kamba iliyoinuka nyuzi 30, kilo 35 za mbele zinabaki, na zile 20 sasa zinayainua magurudumu. Tofauti ni kilo 40 za mzigo, kwa jasho lilelile. Hakuna mwenye mkokoteni anayehitaji kuambiwa haya na mwandishi.

Mfano unaopendeza zaidi katika eneo hili ni kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma na nikeli lililolala Ndolezi kwenye mlima Marengi, ambalo hukadiriwa kuwa na tani 12. Hakuna anayetaka kukihamisha, lakini chukulia kwamba wahifadhi wameamua kukiinua kidogo ili kukagua msingi wake, kwa winchi na minyororo miwili inayokutana kwenye ndoano moja juu. Minyororo ikiwa karibu wima, kila mmoja unabeba tani 6. Ikiachana kwa nyuzi 60 pale juu, kila mmoja unabeba 6.9. Ikiachana kwa nyuzi 120, kila mmoja unabeba 12, uzito wa kimondo kizima. Ikiachana kwa nyuzi 150, kwa kuwa winchi imekuwa fupi na watu wameamua ndoano ishuke, kila mmoja unabeba tani 23, karibu mara mbili ya kitu chenyewe kinachoinuliwa. Mnyororo uliopimwa kwa tani 10 ungekuwa salama kwa hesabu ya kugawa kwa mbili na ungezidiwa kwa hesabu ya kweli. Mtu wa kosaini hapa angefanya vibaya zaidi kuliko kwenye tope: kivuli cha tani 12 juu ya mnyororo wa nyuzi 75 kutoka wima ni tani 3.1 tu. Angesema minyororo inazidi kupata nafuu kadiri inavyolala, wakati inazidi kukazwa.

Fundi wa kenchi anakutana na hesabu hiyohiyo imegeuzwa chini juu. Boriti mbili za paa zinazokutana kileleni ni minyororo inayosukuma badala ya kuvuta. Paa la nyuzi 30, likipokea kileleni mzigo fulani, linapeleka kwa kila boriti mzigo uleule mzima, na boriti inausukuma ukuta kwenda nje kwa karibu tisa ya kumi yake. Paa likilazwa hadi nyuzi 15 ili kuokoa bati, msukumo wa nje unapita mara mbili ya ule wa kwanza. Ukuta wa tofali za kuchoma ni hodari wa kubeba kwa wima na dhaifu wa kusukumwa kando. Ndiyo kazi ya ile mbao ya mlalo ya chini ya kenchi, inayozishika boriti mbili zisiachane. Anayeiondoa ili apate dari refu anamwachia ukuta kazi ambayo haukujengewa, na nyufa za juu ya madirisha huwa za kwanza kutoa taarifa.

Imebaki hali ambayo msambamba hauwezi kuijibu. Pande mbili kwenye bapa moja zinatoa jibu moja. Nje ya bapa, pande tatu zisizolala pamoja zinatoa jibu moja pia, na hivyo ndivyo mafundi wanavyoinua injini kwa magogo matatu yaliyofungwa kileleni: kila gogo lina fungu lake na halina la kubishania. Lakini ongeza kamba ya tatu kwenye bapa lenye mbili, au mnyororo wa nne kwenye kontena lililoshikwa pembe zote nne, na majibu yanakuwa mengi yasiyo na mwisho. Mnyororo mmoja unaweza kubeba sana na mwingine kulegea, kontena likaning'inia vilevile. Kinachoamua sasa si pembe. Ni urefu na ugumu: mnyororo uliopungua sentimita moja kuliko wenzake unakaza kwanza na kubeba zaidi, na jicho halioni sentimita moja juu ya kontena la mita 12.

Kwa hiyo wainuaji mizigo waangalifu hawagawi uzito kwa nne. Huchukulia kwamba kontena gumu linaweza kujikuta limeshikwa na minyororo miwili tu ya pembe zinazokabiliana, miwili mingine ikisawazisha, na hununua minyororo minne ambayo kila jozi inaweza kubeba kontena zima peke yake, kwa pembe itakayokuwapo siku hiyo.